Gitaa la mpingo: mti wetu, sifa zao, na fundi wa Keko anabaki na randa mkononi

Leo naomba tuache kidogo siasa za majukwaani tuongelee siasa nyingine ambayo haina bendera wala kipaza sauti. Siasa ya ubao. Najua kuna atakayesema "huyu naye leo kaishiwa." Subiri kwanza, maana humu ndani kuna hela, kuna ajira, kuna sheria za dunia, na kuna kijana mwenzako aliyekaa na randa yake hajui aanzie wapi.

Stori yenyewe ilianza hivi. Nilikwenda Keko, kule kwa mafundi samani hapa Dar, kumtafuta jamaa anayetengeneza magitaa kwa mkono. Si magitaa ya galoni na waya za breki yale tuliyochezea utotoni, hapana. Gitaa kamili, lenye shingo, freti na sauti. Nilimkuta kakaa kwenye benchi, pembeni kuna gitaa halijafungwa uso. Nikamuuliza, "Fundi, mbona hili limelala?"

Akacheka. "Kaka, wateja wananiambia gitaa zuri lazima liwe la rozwudi, au la mpingo kama la Wazungu. Mpingo wa ukubwa huo siupati, na nikiupata siumudu bei. Mbao ya kwetu, halafu mimi ndiyo siumudu. Sasa wewe mwandishi nielezee, inakuwaje?"

Nikakosa jibu. Nikarudi nyumbani nikaanza kuchimba. Haya ndiyo niliyoyapata.

KWANZA TUSICHANGANYE MITI

Watu wengi mitaani wakisikia "eboni" wanasema ni mpingo. Siyo. Eboni ile nyeusi ya Kamerun au Madagaska ni ukoo wa Diospyros. Mpingo wetu kitaalamu ni Dalbergia melanoxylon, maana yake ni ndugu wa damu wa rozwudi za Brazil na India. Ni mti uleule wa vinyago vya Wamakonde, uleule unaotengenezwa klarineti na zumari za orkestra Ulaya. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Na unakua taratibu mno, miaka 70 na zaidi ndipo unafaa kuvunwa. Aliyepanda mpingo leo kawapandia wajukuu.

Kwa nini nasisitiza ukoo? Kwa sababu ukoo ndio uliouponza.

Kuna mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, unaitwa CITES. Mwaka 1992 rozwudi ya Brazil iliwekwa kwenye orodha ya kwanza, ile kali kabisa, ambayo biashara yake ni kama imefungwa. Watengeneza magitaa wakubwa walikuwa wanaiabudu mbao hiyo. Ilipofungwa wakaanza kutafuta mbadala, na mmojawapo ni mpingo wetu. Wapo mafundi wa nje wanaosema sauti yake haina tofauti na ile ya Brazil, na wengine wanasema inaizidi.

Halafu China wakapenda samani za rozwudi, na miti ya ukoo huo ikaanza kukatwa dunia nzima kama vile kesho haipo. Mwaka 2016 wakubwa wakakutana Johannesburg, wakaamua ukoo wote wa Dalbergia uingie kwenye orodha ya pili, kuanzia tarehe 2 Januari 2017. Orodha ya pili haikatazi biashara, ila inataka vibali. Mpingo ukaingia humo kwa sababu ya ndugu zake.

Ikawa kizaazaa. Mwanamuziki anayeuza gitaa lake la zamani nje ya nchi anaambiwa lete kibali. Makampuni yakalia, maorkestra yakalia. Walipokutana tena Geneva mwaka 2019 wakalegeza: kuanzia tarehe 26 Novemba 2019, ala za muziki zilizokamilika, vipuri vyake vilivyokamilika na vifaa vyake, havihitaji tena kibali cha CITES kwa upande wa Dalbergia nyingi, mpingo ukiwemo. (Ya Brazil ilibaki kwenye kifungo chake.)

Soma tena hapo wadau. Gogo au ubao wa mpingo ukitoka nje unahitaji kibali cha CITES. Gitaa lililokamilika halihitaji. Hati zetu za nyumbani za mazao ya misitu ni suala jingine, lakini kwa ule mkataba wa dunia, anayemaliza kazi ndiye aliyefunguliwa mlango. Sasa jiulize, kati yetu na wao, nani anamaliza kazi?

Na haikuishia hapo. Mwaka 2022 walikutana Panama, wakaongeza miti mingine ya Afrika kwenye orodha ya pili, kuanzia Februari 2023. Humo umo ukoo wa Pterocarpus, ambao sisi tunaujua kwa jina la mninga! Umo ukoo wa Afzelia, yaani mkongo, au mbambakofi kwa watu wa pwani. Umo na ukoo wa Khaya, yaani mkangazi. Hizi ni mbao tunazolalia kila usiku. Na hizo nazo masharti yake yanalenga magogo, mbao na mbao zilizochakatwa kidogo. Gitaa lililokamilika halimo. Mlango uleule tena.

USIDHANI HAYA NI MAKARATASI TU

Kuna watu wanaona mikataba hii kama ngonjera. Waulizeni Gibson, kampuni kubwa ya magitaa ya Marekani. Marekani wana sheria inaitwa Lacey, ya mwaka 1900, na mwaka 2008 ilipanuliwa ikabana mbao zilizovunwa au kusafirishwa kinyume cha sheria za nchi zilikotoka. Mwaka 2009 maafisa wenye silaha waliingia kiwandani kwa Gibson kule Nashville kwa sababu ya eboni ya Madagaska. Mwaka 2011 wakaingia tena, safari hii kwa mbao za India. Mwaka 2012 yakaisha kwa makubaliano: kampuni ikalipa faini ya dola 300,000 na nyingine 50,000 kwa ajili ya uhifadhi.

Yaani sheria ya Madagaska ilikwenda kuuma Nashville. Tangu hapo mnunuzi wa nje anauliza: mbao hii imetoka msitu gani, nani kakata, karatasi iko wapi? Kwa fundi mdogo wa kwetu hilo linaweza kuwa balaa au likawa dili. Balaa kama mbao yako umeinunua usiku kutoka kwenye lori lisilo na jina. Dili kama unaweza kutaja kijiji ilikotoka.

TURUDI NYUMBANI, KUSINI

Mpingo wetu mwingi uko Lindi na Mtwara, na maeneo mengine ya miombo. Zamani kusini kulikuwa mbali, barabara mbovu, mvua ikinyesha mnalala njiani. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa pale Rufiji. Jambo zuri sana, hakuna anayebisha. Lakini barabara haichagui abiria. Malori ya magogo nayo yalipita.

Mwaka 2004 serikali ikapiga marufuku kusafirisha magogo nje. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC likatoa ripoti kuhusu biashara ile ya kusini, na namba zake mpaka leo zinatia uchungu. Kumbukumbu za China zilionyesha wamepokea mazao ya mbao kutoka Tanzania mara kumi ya yale ambayo kumbukumbu zetu zilisema tumewauzia. Mara kumi! Na katika ngazi ya wilaya, hadi asilimia 96 ya ushuru uliopaswa kukusanywa ulikuwa unapotea. Kwenye shilingi mia, nne tu ndizo zilizoingia kwenye mfuko wa umma.

Ukimuuliza mwanakijiji wa wakati ule alipata nini, jibu unalijua. Alipata kisiki.

Lakini nisiwe mtu wa kulia tu, kuna upande mwingine wa stori. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliruhusu vijiji kumiliki na kusimamia misitu yao wenyewe, na kuvuna na kuuza kwa mpango. Kule Kilwa kukawa na mradi wa uhifadhi wa mpingo, na mwaka 2009 misitu ya vijiji, Kikole na Kisangi vikiwa vya mwanzo, ikapata cheti cha FSC kinachotambulika duniani. Ulikuwa msitu wa asili wa kwanza Afrika unaosimamiwa na wanakijiji kupata cheti hicho. Kijiji kinakubaliana kikate nini na kiasi gani, mnunuzi analipa kijiji, na hela inajenga vitu vya kijiji.

Kwa hiyo namna ya kuuza mpingo bila kuumaliza ipo, na imejaribiwa hapahapa. Swali langu ni kwamba baada ya hapo, ubao unakwenda wapi? Unakwenda nje kama vipande, vinarudi picha kwenye intaneti: gitaa la mpingo, bei ambayo ukiitafsiri kwa shilingi unafunga kompyuta na kwenda kunywa maji.

SASA KUBWA KULIKO: JE, MPINGO UNAHITAJIKA KIHIVYO?

Hapa ndipo nilipopigwa butwaa. Kumbe ile imani ya wateja wa fundi wangu, kwamba gitaa zuri ni rozwudi au mpingo, kwa sehemu kubwa ni mapokeo. Nina ushahidi wa aina tatu.

Wa kwanza ni wa Hispania. Antonio de Torres ndiye fundi aliyelipa gitaa la klasiki umbo tunalolijua leo. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu, kama boksi la viatu vile. Uso tu ndio alioweka mbao nzuri. Alitaka kuonyesha kwamba sauti inatoka usoni. Gitaa hilo bado lipo, liko makumbusho ya muziki kule Barcelona.

Wa pili ni Bob Taylor wa Marekani, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Taylor. Mwaka 1995 alichukua paleti, zile za kubebea mizigo, akatengenezea gitaa zima. Uso ameunga vipande sita. Matundu ya misumari yapo, hakuyaficha. Watu wakalipiga, likalia vizuri kabisa.

Wa tatu ni wa maabara. Mwaka 2018 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitoa matokeo ya jaribio moja tamu. Magitaa sita, muundo mmoja, fundi mmoja, tofauti ni mbao ya mgongo na mbavu tu: kuanzia rozwudi ya Brazil yenyewe mpaka mbao za bei ya chini. Wapigaji 52 wakavalishwa miwani ya wachomelea vyuma, taa zikafifishwa, wakapewa wapige bila kujua lipi ni lipi. Alama walizotoa zilikaribiana mno. Rozwudi ya Brazil, ile inayofungiwa kama dhahabu, haikujitenga na wenzake.

Msininukuu vibaya. Sisemi mbao haina maana. Nasema mbao ya mgongo haina uzito ambao biashara imeipa. Kinachoamua kwanza ni uso, mataruma chini ya uso, na mkono wa fundi. Bei kubwa ya mpingo kwenye mgongo wa gitaa ni ya uzuri wa macho na uhaba. Na uhaba wenyewe umetengenezwa na kukata hovyo!

KAMA WEWE NDIYE FUNDI, CHAGUA HIVI

Nilirudi Keko na maelezo haya, tukakaa na yule fundi pamoja na seremala mmoja mzee aliyewahi kuunda mashua. Tulichokubaliana nakiweka hapa, atakayetaka akinakili.

Uso. Unataka mbao nyepesi lakini ngumu kukunjika. Ulaya na Marekani wanatumia sprusi au mwerezi. Mistari ya mti iwe imenyooka na kubanana. Angalia ubao kwenye kichwa chake, pale ulipokatwa: mistari ya umri ikisimama wima kutoka uso mmoja hadi mwingine, hiyo ndiyo. Ikilala kama mkeka, achana nayo, itajipinda. Kisha ishike karibu na kona, gonga katikati kwa kidole. Ikisema "tooong" na sauti ikakaa, chukua. Ikisema "tapu" kama boksi, rudisha. Unene wa mwisho ni kama milimita 2.5 hadi 3.

Tutaipata wapi? Misonobari ya mashamba ya Sao Hill, Mufindi, inakua haraka, kwa hiyo mistari yake huwa mipana na vifundo vingi, lakini ukichambua rundo zima unaweza kuokota ubao mmoja mzuri. Saipresi ya mashamba ya kaskazini nayo ijaribiwe. Na usidharau paleti. Paleti nyingi zinazoshushwa bandarini zimetoka nchi za baridi, na kule miti ya jamii ya sprusi na misonobari inakua taratibu. Ila angalia mhuri! Kila paleti ya kimataifa ina alama. Ukiona HT, maana yake mbao ilipashwa moto kuua wadudu, hiyo salama. Ukiona MB, ilipigwa dawa ya sumu ya kufukiza, usiipeleke karakana, vumbi lake si rafiki yako. Na kama imemwagikiwa mafuta au kemikali, iache hata kama ina HT.

Mataruma. Yule mzee alipoona vijiti vinavyogandishwa chini ya uso akasema palepale, "Haya si mataruma ya chombo haya?" Ni hayohayo. Kazi yake ni kubeba mzigo bila kuua sauti. Nyuzi sita za chuma za kawaida zikikazwa zinavuta kwa pamoja kama uzito wa kilo 70 hivi, sawa na mtu mzima kaning'inia kwenye daraja la gitaa usiku na mchana. Nailoni zinavuta kama kilo 40. Ndiyo maana gitaa la nyuzi za chuma hupewa mataruma yaliyokingamana kama herufi X, na la nailoni hupewa yaliyotandazwa kama vijiti vya feni. Ukiyafanya manene mno, gitaa linakuwa bubu. Ukiyafanya membamba mno, uso unabonyea baada ya miezi. Hapa ndipo ufundi ulipo, siyo kwenye rangi ya mgongo.

Mgongo na mbavu. Mninga ni mbao tulivu, haivimbi na kusinyaa sana, ndiyo maana milango yake haigomi. Mtiki wa mashamba ya Longuza au Mtibwa nao umetulia, na ni wa kupandwa, ila una mafuta ya asili, ufute vizuri kabla ya kupaka gundi. Mgrevilea, ule wa mipakani mwa mashamba ya Kilimanjaro na kule kwa Wakenya, ukipasuliwa wima unatoa madoa ya kung'aa ambayo mteja atadhani umeagiza nje. Na kule Hispania magitaa ya flamenko yanatengenezwa kwa saipresi tangu zamani. Mbavu zichongwe hadi kama milimita 2, zilowanishwe, zikunjwe taratibu juu ya bomba la chuma lenye moto. Haraka haraka hapa ni kuni.

Ubao wa vidole na daraja. Hapa sasa mpingo unastahili, kwa sababu unahimili kusuguliwa na nyuzi miaka na miaka. Na angalia hesabu: ubao wa vidole una urefu wa kama sentimita 50, upana 6 na nusu, unene milimita 7. Ni kama gramu 280 tu za mpingo. Mgongo na mbavu za mpingo zingekula kama kilo nzima, tena kwa mbao pana ambazo mpingo wenyewe hauna, maana shina lake ni jembamba na limejisokota. Daraja na vipande vidogo unaweza kuvipata kwenye mabaki ya wachonga vinyago. Pale Mwenge mabaki yapo.

Freti. Hapa hamna kukadiria kwa macho. Chukua urefu wa uzi kutoka kizingiti cha juu hadi darajani, tuseme milimita 650. Gawanya kwa 17.817, unapata 36.48, hapo ndipo freti ya kwanza. Kilichobaki gawanya tena kwa 17.817, na kuendelea. Ukifika ya kumi na mbili lazima uwe katikati kabisa, milimita 325. Kama hukufika hapo, umekosea njiani, usipige gundi. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Kukausha. Hili ndilo linaloua magitaa yetu mengi. Mbao inanunuliwa mbichi Jumatatu, Ijumaa ni gitaa. Hewa ya Dar ina unyevu. Gitaa likipanda basi kwenda Dodoma, mbao inasinyaa, mgongo unapasuka, mteja anasema "vitu vya Bongo hivyo." Kumbe si Bongo, ni pupa. Pasua mbao nyembamba, zipange kivulini na vijiti katikati hewa ipite, pima uzito kila wiki na uandike. Uzito ukikaa palepale wiki kadhaa, mbao imetulia na hewa ya hapo. Kabla ya kugandisha, iweke siku kadhaa kwenye sanduku lenye taa ya joto dogo. Gharama yake ni subira.

SOMO LA KAMERUN

Mwaka 2011 kampuni ya Taylor pamoja na wenzao wa Hispania walinunua kiwanda cha kuchakata eboni pale Yaoundé. Bob Taylor alisimulia alichokuta: wakataji walikuwa wanatafuta eboni nyeusi tii, na mti haujulikani ndani una rangi gani mpaka ukatwe. Wakikuta una michirizi ya kahawia wanauacha uoze msituni. Mti mmoja tu kati ya kumi ndio ulioondoka. Akaamua kwamba kuanzia hapo magitaa yake yatatumia na ile yenye michirizi. Sauti ileile, kilichobadilika ni macho ya mnunuzi.

Mnaona? Miti tisa ilikuwa inakufa kwa sababu ya fasheni. Na sisi tunapomwambia fundi wa Keko "bila mpingo silitaki," tunafanya dhambi ileile kwa udogo wake.

MSIMAMO WANGU

Kwanza, kupiga marufuku magogo peke yake hakutoshi. Gogo likigeuzwa kuwa kipande cha mstatili likapanda meli, thamani kubwa bado imeenda na meli. Kinachotakiwa ni kusukuma kazi mbele mpaka kipuri kilichokamilika: ubao wa vidole, daraja, na mwisho gitaa lenyewe. Tangu 2019 njia ya CITES kwa vitu hivyo iko wazi, na sioni tukiikimbilia.

Pili, nijibu hoja ya wanaosema "tukitengeneza magitaa mengi ndio tutamaliza mpingo." Ni hoja ya haki. Jibu langu ni zile gramu 280. Mti mmoja ukipasuliwa kwa akili, na mabaki yakitumika, unatoa mbao za vidole kibao. Kinachomaliza msitu ni kuuza kwa tani na kutupa kwa tani. Lakini nakubali: mpingo wowote bila kijiji kinachojulikana na karatasi halali ni wizi, hata kama mwizi ni msanii.

Tatu, tusidanganyane kwamba ni rahisi. Waya wa freti, mashine za kukazia nyuzi na nyuzi zenyewe zinatoka nje. Gitaa la kiwandani la Asia linauzwa bei ambayo fundi wa mkono hawezi kushindana nayo hata akifunga mwezi mzima. Hawezi kushindana kwa bei, atashindana kwa ubora na kwa jina. Kwa hiyo vyuo vyetu vya ufundi, vinavyofundisha vijana kabati na kitanda mwaka hadi mwaka, vinashindwa nini kuongeza somo moja la ala za muziki? Seremala anayejua kukausha mbao vizuri na kupiga hesabu ya freti, kabati kwake ni mchezo.

Sisi ni watu wa gitaa jamani. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa mwaka 1952 akipiga gitaa kavu na kuimba Kiswahili, na wapigaji wa dunia nzima mpaka leo wanahangaika kuiga vidole vyake. Muziki wa dansi umelea wazazi wetu. Tumepiga gitaa kwa vizazi, tuna mti unaogombewa na dunia, na kati ya vitu hivyo viwili tumekosa daraja.

Yule fundi? Nilimpitia wiki iliyopita. Uso wa gitaa lililokuwa limelala umeshafungwa. Ni ubao wa paleti yenye mhuri wa HT, ameunga vipande vinne. Mgongo mtiki. Ubao wa vidole ni mpingo aliouokota kwenye mabaki, una mchirizi mweupe pembeni, na hakuuficha. Akanipa nishike, nikapiga nyuzi zote sita kwa pamoja. Mimi si mpigaji, lakini yule mzee wa mashua aliyekuwa anapiga msasa nje aliacha kazi akachungulia.

"Bei gani?" nikamuuliza fundi.

"Hili siuzi. Hili nawaonyesha wale wanaosema bila mpingo hakuna gitaa."

Haya wadau, uwanja wenu. Kama kuna fundi wa ala mtaani kwako, awe Mwanza, Mombasa, Bukavu au Lubumbashi, tuambie anatumia mbao gani na inalia vipi. Na kama kuna mdau wa misitu anayeona nimekosea, anikosoe kwa hoja. Matusi nitayafuta.

Nawasilisha.